Mzee Asiyetaka Kusumbua Watu

Wapo wazee ambao kila wakiulizwa hali hujibu kwamba hawana neno. Miguu imevimba, usingizi hauji, sahani inarudi jikoni na nusu ya ugali, lakini jibu ni lile lile: mimi mzima, nyie endeleeni na shughuli zenu, sitaki kuwasumbua. Mzee wa namna hii husifiwa. Huitwa mstahimilivu, mtu asiye na makuu. Mwenzake, yule anayepiga simu tatu kwa siku akilalamika kwamba ametupwa, humchosha kila mtu, ila yeye walau husikika, hata kama anayemsikiliza ananung'unika. Nitakachotetea hapa ni kwamba huyo wa kwanza ndiye wa kumhofia zaidi. Sonona ya uzeeni haieleweki kwa kuhesabu watu waliomzunguka mzee, wala maradhi aliyonayo, wala fedha alizonazo. Hayo yote yana uzito, lakini chini yake kuna swali ambalo haliulizwi katika zahanati wala katika vikao vya ukoo: mtu huyu, tangu utotoni mpaka leo, amejifunza nini kuhusu kumtegemea mwenzake?

Swali hili lina historia inayopita karibu na kwetu kuliko wengi wanavyodhani. Aliyelijenga kuwa nadharia ni John Bowlby, daktari Mwingereza wa magonjwa ya akili. Mwaka 1951 aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti kuhusu watoto waliotenganishwa na mama zao, na kati ya 1969 na 1980 akachapisha juzuu tatu juu ya mfungamano, yaani kushikamana kwa mtu na anayemtegemea, na juu ya kupotelewa. Alidai kwamba mtoto hamng'ang'anii mama kwa ajili ya maziwa peke yake. Kwa kiumbe dhaifu, kuwa karibu na mwenye nguvu ndiyo kinga ya kwanza, na haja ya kinga hiyo haiishi mtu akiota ndevu. Lakini uchunguzi wa kwanza mkubwa wa jambo hili, wa kuwatazama watoto nyumbani kwao pamoja na mama zao, haukufanyika London. Ulifanyika Buganda. Mary Ainsworth alifika Kampala mwaka 1954 pamoja na mumewe, akapata nafasi katika taasisi ya utafiti wa jamii iliyokuwa Makerere, na akaanza kutembelea vijiji vya jirani akiwa na mkalimani wake. Alikuwa amekusudia kuchunguza desturi ya Waganda ya kumpeleka mtoto kwa bibi yake anapoachishwa ziwa, aone utengano huo unamfanyia nini. Akakuta desturi yenyewe imekwisha kufifia, ikambidi abadili mpango. Badala ya kuvizia utengano, alikaa sebuleni na akina mama, saa mbili kila baada ya wiki mbili hivi, akitazama mambo ya kawaida: nani analia, nani anamchukua, anatulia baada ya muda gani.

Kitabu chake kilitoka mwaka 1967. Kati ya watoto 28 aliowafuatilia, 16 aliwaona wana mfungamano salama, 7 wana wasiwasi, na 5 walikuwa bado hawajaonyesha kushikamana na mama. Ni kikundi kidogo, na hakuna anayepaswa kukijengea kasri. Cha kufaa ni kile ambacho hakikuwatofautisha watoto hao. Idadi ya walezi haikuwatenganisha waliotulia na waliohangaika. Mtoto aliyebebwa na dada, shangazi na bibi hakuwa na hasara kwa sababu hiyo. Hata uchangamfu wa mama, kama Ainsworth alivyoupima, haukutosha kueleza tofauti. Mama aliyejitokeza ni yule aliyeweza kumweleza mtafiti habari za mtoto wake kwa undani, kwamba anapenda kubebwa hivi, hulia hivi akiwa na njaa na vile akiwa na usingizi. Huyo ni mama anayemsoma mtoto na kumjibu. Mtoto wa mama huyo alithubutu kutambaa mbali, kwa kuwa alijua akirudi atapokelewa.

Baadaye, huko Baltimore, Ainsworth alitengeneza jaribio ambalo mama hutoka chumbani kwa dakika chache kisha hurudi, na kitabu cha mwaka 1978 kikaeleza mitindo mitatu. Wapo watoto wanaolia mama akitoka, wakamkimbilia akirudi, wakatulia na kurudia michezo yao. Wapo wanaomng'ang'ania na papo hapo kumkasirikia, wasitulie hata wakibebwa. Na wapo wasiolia kabisa. Mama akirudi hawageuki kumtazama. Wanaendelea kucheza kana kwamba hakuna lililotokea. Mgeni akiingia angesema hao ndio waliolelewa wakaleleka. Lakini watafiti walipopima mapigo ya moyo, moyo wa mtoto huyu mtulivu ulikuwa unakwenda mbio kama wa wenzake. Amefadhaika vile vile. Amejifunza tu kwamba kuonyesha fadhaa kwa mtu huyu hakuleti msaada, pengine huleta kukemewa, basi akaificha. Mwaka 1987 Cindy Hazan na Phillip Shaver walipendekeza kwamba mitindo hiyo inaonekana pia katika mapenzi ya watu wazima, na tangu hapo tafiti hazijakatika. Mfano wa redio unasaidia. Mwenye wasiwasi, yule anayeng'ang'ania, hufungulia hofu yake sauti hadi mwisho ili asije akakosa kusikiwa, na mkwepaji, yule asiyelia, hupunguza sauti mpaka hata mwenyewe haisikii. Matangazo yanaendelea kwa wote wawili.

Sasa tuipeleke mitindo hiyo miaka sabini mbele. Jambo la kwanza ambalo utafiti unasema ni la faraja: kwa jumla, wasiwasi wa mfungamano hupungua kadiri umri unavyosonga. William Chopik na wenzake, katika uchambuzi wa mwaka 2013 wa watu zaidi ya 86,000 wenye umri wa miaka 18 hadi 70 waliojibu maswali kwenye intaneti, waliona wasiwasi ukiwa juu kwa vijana na chini kwa watu wa makamo na wazee. Jambo la pili halina faraja kamili. Utafiti uliowafuata watu wale wale kwa miaka sita, uliochapishwa na Fang Zhang na Gisela Labouvie-Vief mwaka 2004, uliona wenye umri mkubwa wakielekea kwenye utulivu zaidi lakini pia kwenye ukwepaji zaidi. Naye Carol Magai, aliyechunguza wazee wa mjini New York, Wamarekani weusi na Wamarekani wenye asili ya Ulaya, alikuta wengi wao ni wa mtindo huo wa kujitosheleza, wa kusema sihitaji mtu. Sababu zinaweza kuwa zaidi ya moja. Kizazi chao kililelewa kwa amri na bakora. Wengi walikwisha kuzika waliowapenda, na kupunguza matumaini kwa watu ni njia mojawapo ya kuishi na makaburi mengi. Vyovyote iwavyo, mzee mkwepaji si mtu wa ajabu. Inawezekana ndiye mzee wa kawaida kabisa.

Hapa msomaji makini atanishika. Tafiti za sonona zinakubaliana sana kuhusu mwenye wasiwasi: wasiwasi na sonona huenda pamoja, kwa vijana na kwa wazee. Kuhusu mkwepaji matokeo yanayumba. Mara uhusiano upo lakini ni mdogo, mara hauonekani. Kama ndivyo, kwa nini nimtangulize yeye? Jibu langu la kwanza linahusu vipimo. Dodoso linalotumika sana kupima sonona kwa wazee, lililotungwa na Jerome Yesavage na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni maswali 30 ya ndiyo au hapana kuhusu kuridhika, kuchoka, kukata tamaa, kujiona huna maana. Ni chombo kizuri, tena kiliepuka kwa makusudi maswali mengi ya mwili, kwa kuwa kila mzee huumwa mgongo. Lakini kinategemea mtu kukubali kusema. Aliyetumia miaka sitini kujifunza kutoonyesha fadhaa hataanza kuionyesha mbele ya kijana mwenye kalamu. Atajibu hapana, hapana, hapana, kisha aombe dawa ya usingizi. Inajulikana kwamba sonona ya wazee mara nyingi haisemi nina huzuni. Huja kama maumivu yasiyo na mahali, kukosa hamu ya chakula, kukosa usingizi, kusahau, kununa. Ukiongeza juu yake mtindo wa kukwepa, umepata mgonjwa ambaye hata yeye hajui kwamba anaumwa, na ambaye zahanati itampa Panadol na vidonge vya presha kwa miaka mitano bila kumuuliza swali lolote lingine.

Jibu la pili ni zito zaidi. Ukwepaji ni kinga inayofanya kazi kwa masharti. Mkwepaji huwa sawa maadamu ana mambo matatu: nguvu za mwili, shughuli inayompa heshima, na mtu mmoja, mara nyingi mke, anayemhudumia bila yeye kuomba. Uzee huyachukua yote matatu, na mara nyingi kwa mfululizo. Mtu aliyejenga nyumba, akasomesha, akaoza watoto, na katika yote hayo hakuwahi kusema nisaidie, leo anahitaji kushikwa mkono kwenda chooni, na wa kumshika ni mkwe wake. Kwa kijana kuoga ni jambo dogo. Kwa mzee huyu, kuogeshwa ni kuvunjwa kwa jengo lote alilolijenga dhidi ya hofu ya zamani, na linavunjwa mbele ya mtu ambaye mila inamtaka amwonee haya. Tafiti zinazompima angali na nguvu zitamkuta salama. Zikimpima baada ya kiharusi au baada ya arobaini ya mkewe, habari inaweza kuwa nyingine. Kwa hiyo uhusiano kati ya ukwepaji na sonona unapotazamwa kwa wazee wote kwa pamoja lazima uonekane hafifu, kwa kuwa unachanganya ambao jengo lao bado limesimama na ambao limekwisha kuanguka. Na linapoanguka, hatari ni kubwa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2014 ilionyesha kwamba katika karibu kila eneo la dunia viwango vya kujiua viko juu kuliko vyote kwa watu wa miaka 70 na zaidi, na wanaume huwazidi wanawake. Sidai kwamba wote hao walikuwa wakwepaji. Nasema tu kwamba kundi lenye viwango hivyo halifanani na wale wanaopiga simu kulalamika.

Kuna ushahidi mwingine, wa pembeni, unaonivutia kwa sababu unatoka mahali ambapo mtu hawezi tena kuficha. Magai na mwenzake Cohen, mwaka 1998, waliwauliza jamaa wa wazee wenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu jinsi wagonjwa wao walivyokuwa kabla ya kuugua. Waliokuwa watu wa wasiwasi walionyesha zaidi huzuni na hofu katika ugonjwa. Waliokuwa wakwepaji walionyesha zaidi shuku: fulani ameniibia, fulani anataka kunidhuru. Kila nyumba iliyouguza mzee wa namna hiyo inaijua tuhuma ya pesa zilizopotea chini ya godoro, na binti wa kazi anayelia jikoni. Mwanasaikolojia Mholanzi Bère Miesen naye alieleza jinsi wagonjwa hao wanavyowaita na kuwatafuta wazazi waliokufa miongo mingi iliyopita, akaisoma tabia hiyo kuwa ni haja ya mfungamano inayojitokeza dunia inapokuwa ngeni. Aliyemwita mama yake akiwa na miaka themanini na mitano huenda hakumwita alipokuwa na miaka mitano. Haja yenyewe haikwenda popote.

Pingamizi la kwanza kwa haya yote ni kwamba ni elimu ya Wazungu, iliyotungwa kwa familia ya baba, mama na watoto wawili, na kwamba kwetu mtoto ni wa ukoo na mzee ni wa ukoo. Pingamizi hili nusu yake ni kweli. Bowlby aliandika sana kana kwamba mama ni mmoja na hana mbadala, na wapo watafiti, mwanasaikolojia Heidi Keller akiwa mmoja wao, waliokosoa kwa haki tabia ya kuchukua malezi ya tabaka la kati la Ulaya na Marekani kuwa kipimo cha dunia. Miongoni mwa Waefe wa msitu wa Ituri, Kongo, watafiti walikuta mtoto wa miezi minne hivi akipita mikononi mwa wengi kiasi kwamba zaidi ya nusu ya muda wake hayuko na mama. Lakini kukosoa sura moja ya nadharia si kuizika. Utafiti wa Rosanne Kermoian na Herbert Leiderman miongoni mwa Wakisii wa Kenya, uliochapishwa 1986, uliwatazama watoto wenye mama na pia mlezi mdogo, aghalabu dada. Watoto waliokuwa na mfungamano salama walizidi nusu kwa mama na kwa mlezi pia. Zaidi ya hapo, usalama kwa mama ulikwenda pamoja na lishe nzuri, na usalama kwa mlezi ulikwenda pamoja na maendeleo ya akili. Kwa hiyo walezi wengi hawafuti mfungamano, wanaugawa. Hilo linaupa ukoo sifa unayostahili, ila haliupi sifa zaidi ya hiyo. Nyumba yenye watu kumi na wanne inaweza kuwa na mzee ambaye hakuna hata mmoja kati yao anayejua kwamba hajalala usiku wa nne sasa. Anapelekewa chai na wajukuu wanamwamkia shikamoo, kila mtu ametimiza wajibu wake, na hakuna aliyemsoma.

Pingamizi la pili linatoka kwenye methali yetu wenyewe. Samaki mkunje angali mbichi. Kama mambo yaliamuliwa utotoni, mzee wa miaka 75 tumfanyeje? Na je, hatuwarudishii akina mama lawama nyingine, tena marehemu? Nakiri kwamba wapo waandishi wa saikolojia nyepesi wanaolitumia somo hili hivyo, wakigawa watu mafungu kama ya nyota za kuzaliwa. Ushahidi hausemi hivyo. Ikiwa wasiwasi hupungua na umri, ikiwa hata wenye umri mkubwa walibadilika katika miaka sita, basi mtindo si chapa ya moto. Ni matarajio, na matarajio hubadilika yakipingwa na mambo halisi mara nyingi vya kutosha. Laura Carstensen wa Stanford ameonyesha kwamba wazee huwapunguza marafiki kwa hiari yao, wakabakiza wachache wa karibu, na wengi wao huwa na hisia tulivu kuliko vijana. Uzee peke yake hauleti sonona. Makadirio ya dunia huiweka kati ya watu watano na sita kwa kila mia wenye miaka zaidi ya sitini, maana yake walio wengi hawana. Kuhusu lawama, mama aliyemnyamazisha mtoto mwaka wa njaa alikuwa akimfundisha kuishi katika dunia aliyoijua. Mafunzo hayo yalimfaa mwanawe miaka mingi.

La tatu ndilo linaloniumiza kichwa zaidi. Mtu atasema: wazee wa Afrika Mashariki wana huzuni kwa sababu hawana pesa, macho yamezibwa na mtoto wa jicho, na maji yako kilomita mbili, achana na habari za utotoni, lipa pensheni. Nakubali pensheni ilipwe. Zanzibar ilianza Pensheni Jamii mwaka 2016, wakati huo shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mwenye miaka 70 na kuendelea, bila kumpima umaskini. Wilayani Muleba, mkoani Kagera, mpango wa Kwa Wazee ulianza kutoa pensheni ndogo mwaka 2003, hasa kwa mabibi walioachiwa wajukuu na UKIMWI, na utafiti uliochapishwa 2008 kuhusu mpango huo ulibeba katika jina lake chumvi, sabuni na viatu vya shule. Lakini tazama vitu hivyo vitatu. Ni vitu ambavyo bibi asiye na senti huenda kuviomba kwa jirani, kila wiki, kwa aibu mpya. Pensheni isiyopima umaskini humwondolea mzee kazi ya kujieleza kwamba ni mhitaji. Inamfikia kama haki, na mkwepaji anaweza kuipokea bila kuinamisha kichwa. Kwa hiyo siuoni ugomvi kati ya mkate na mfungamano. Namna mkate unavyotolewa ni sehemu ya mfungamano. Fedha za simu kutoka kwa mtoto aliyeko Muscat au Nairobi zinaweza kuwa nyingi kuliko pensheni, na bado mzee akazihesabu kama mzigo aliomtwika mwanawe, akazifungia, akala mara moja kwa siku. Shilingi chache za pensheni ya serikali atazinunulia samaki.

Lipo na pingamizi la kitaalamu, nilitaje bila kulizungusha. Tafiti nyingi katika eneo hili huuliza mfungamano na sonona siku ile ile, na mtu mwenye sonona huona giza hata katika ndoa yake. Huenda huzuni ndiyo inayomfanya aseme hakuna wa kumtegemea. Ni kweli, na ndiyo sababu nimetafuta pia tafiti zinazofuata watu kwa muda, na vipimo kama mapigo ya moyo ambavyo haviombi ruhusa ya mtu.

Basi nini kifanyike? Faida ya kufikiri kwa njia hii ni kwamba inatuzuia kumpa kila mzee dawa moja. Kumkumbatia mwenye wasiwasi kila anapolia humtuliza kwa saa moja. Kinachomtuliza kwa muda mrefu ni ratiba isiyovunjwa, kwamba simu hupigwa Jumatano na Jumamosi saa moja jioni, hata kama hakuna jipya. Mkwepaji, kinyume chake, ukimvamia kwa huruma atafunga mlango. Yeye hufikika kwa kazi. Muombe akufundishe mipaka ya shamba, akueleze nasaba, amfundishe mjukuu hesabu, na akiwa katika kutoa, hapo ndipo atakapokubali kupokea, kwa kuwa sasa ni kubadilishana. Sioni hila katika hilo, maana anachokitoa kinahitajika kweli. Mradi wa Friendship Bench, ulioanzishwa Harare na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 na ambao umefika hadi Zanzibar, uliwaweka wanawake watu wazima, mabibi, kwenye benchi nje ya vituo vya afya wawasikilize wenye sonona. Jaribio lililochapishwa 2016, lenye washiriki 573, lilionyesha kwamba waliosikilizwa na mabibi hao walipata nafuu zaidi ya waliopata huduma ya kawaida. Utafiti uliwapima wagonjwa, na sina budi kuheshimu mpaka huo. Hata hivyo inafaa kukumbuka aliyekuwa ameketi upande wa pili wa benchi.

Mfano wa pili unarudi Uganda, na una kasoro ya kufundisha. Tiba ya kuzungumza juu ya mahusiano, iliyobuniwa na Gerald Klerman na Myrna Weissman huko Marekani, imechota waziwazi kwa Bowlby. Hushughulikia maeneo manne: msiba, ugomvi, mabadiliko ya nafasi katika maisha, na upweke. Ilipopelekwa katika vijiji 30 kusini mwa Uganda kwa vikundi, kwa wiki 16, matokeo yaliyochapishwa 2003 yalishangaza wengi: mwishoni wenye sonona walikuwa asilimia 6.5 katika vikundi vya tiba, na asilimia 54.7 katika vijiji vya kulinganisha. Lakini katika kuitengeneza kwa mazingira ya kule, waandaaji waliliacha eneo la nne. Upweke ulionekana si tatizo mahali ambapo watu huishi kwa pamoja. Siwalaumu, kwa washiriki wale, ambao hawakuwa wazee peke yao, yaelekea uamuzi ulikuwa sahihi, na matokeo yanawatetea. Ila kwa mzee ninayemzungumzia, eneo lililoachwa ndilo lenye mlango wake. Ningependa kuona mtu akilirudisha, akiwa na vikundi vya wenye miaka sabini na kuendelea.

Siwezi kuacha bila kutaja wale ambao dodoso haliwaoni kabisa. Victor Cicirelli, katika kazi yake juu ya mfungamano wa wazee, alionyesha kwamba wengi hubaki na watu wachache sana wa kuwategemea, na kwamba orodha yao huwa na watoto wakubwa, Mungu, na waliokwisha kufa. Kwa mwambao wetu wa Afrika Mashariki hilo si jambo la kueleza kwa kirefu. Bibi anayezungumza na marehemu mumewe baada ya swala ya alfajiri hajarukwa na akili, na mtaalamu atakayeandika hivyo katika faili lake atakuwa amemnyang'anya mtu wa mwisho anayemsikiliza. Mkwepaji mara nyingi humwomba Mungu kile ambacho hangemwomba mwanawe. Imamu au padri anayelijua hilo ana nafasi ya kuingia ambayo muuguzi hana.

Hospitali nyingi za Tanzania sasa zina dirisha la wazee, na wengi hulitumia. Wapo wasiolitumia, husimama kwenye foleni ndefu na vijana, kwa kuwa kupita mbele ni kukiri kwamba wamechoka. Muuguzi aliyeko dirishani, akishapima presha na sukari, anaweza kuongeza swali moja: ukizidiwa saa nane usiku, unamwamsha nani? Atakayetaja watu wanne na kueleza kwamba wote hawamjali, huyo mwenye wasiwasi, tayari ameanza kuzungumza. Atakayetaja jina moja bila kufikiri, mwache aende na dawa zake. Atakayesema anangoja kupambazuke aandikwe pembeni, na arudi baada ya wiki mbili badala ya miezi mitatu, kwa sababu yoyote ya heshima itakayopatikana, hata kama ni kurudia kipimo cha presha. Swali hilo halijathibitishwa kama kipimo, na likigeuzwa fomu ya kuweka vema litaharibika upesi. Linahitaji mtu wa kuuliza ambaye hana haraka, na kwenye foleni ya Jumatatu asubuhi huyo ni adimu kuliko dawa.